Chakula safi cha familia Dar es Salaam: tathmini ya maduka, masoko na wauzaji wa mazao ya kilimo hai

Anayetafuta katika jiji la Dar es Salaam duka moja litakalomtimizia mahitaji yote ya jikoni kwa mazao ya kilimo hai hatalipata, na ni afadhali alijue hilo mapema, kabla hajamaliza fedha zake kwenye lebo za kupendeza. Tulicho nacho ni maduka madogo yanayofanya vizuri katika bidhaa chache, supamaketi zenye rafu moja au mbili za vyakula asilia, masoko makubwa ambamo mnunuzi mwenye subira hupata vitu bora kwa bei ya kawaida, na wauzaji wanaoleta mboga kutoka Mgeta, Lushoto au Kisarawe kwa oda ya kila wiki. Sisi tunaishi Tabata, tuna watoto wadogo na mama mkwe mwenye kisukari, kwa hiyo kinachoingia jikoni kwetu ni jambo la afya ya kila siku. Nimenunua katika sehemu zote hizo kwa muda mrefu, na tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya mnunuzi wa kipato cha kati anayetaka kujua ni wapi aongeze shilingi yake na ni wapi asiiongeze.

Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, kilichozinduliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 2007, pamoja na alama inayoitwa Kilimohai. Kwa Tanzania, chombo kinachowaunganisha wadau wa kilimo hicho ni TOAM, kilichoanzishwa mwaka 2005. Mkulima anaweza kuthibitishwa na kampuni ya ukaguzi, au kwa mfumo shirikishi ambao wakulima wa kikundi kimoja hukaguana kwa kanuni zilizoandikwa, na mfumo huo wa pili ndio unaomwezesha mkulima mdogo kwa sababu gharama zake anazimudu. Ninaeleza haya kwa sababu ndicho kipimo cha kwanza ninachokitumia ninapoingia dukani: naangalia kama kifungashio kina alama ya Kilimohai au ithibati nyingine inayotambulika, kisha naangalia kama kina jina la kikundi au mahali zao lilikolimwa. Katika maduka mengi hukuta maneno "asilia", "halisi" na "oganiki" yamechapishwa kwa herufi kubwa, bila alama yoyote na bila jina la kijiji hata kimoja. Sisemi kwamba wote wanaofanya hivyo wanadanganya, kwa maana wakulima wengi wa nchi hii hawana uwezo wa kununua mbolea ya viwandani wala dawa na mazao yao yanakaribia kabisa kuwa ya kilimo hai. Lakini mnunuzi anayelipa zaidi kwa ajili ya neno hilo ana haki ya kuonyeshwa msingi wake. Ikumbukwe pia kwamba sehemu kubwa ya mazao yetu yenye ithibati, kama kahawa ya Kagera na kakao ya Kyela na Kilombero, hulimwa kwa ajili ya soko la nje, ndiyo maana rafu za hapa mjini ni nyembamba kuliko mtu anavyotarajia katika nchi ya wakulima.

Maduka madogo ya vyakula asilia, ambayo siku hizi yapo Mikocheni, Sinza, Kinondoni, Mbezi Beach na hata huku kwetu Tabata, ndiyo ninayoyapa alama za juu kwa nafaka, unga, asali na viungo. Humo utapata mtama, ulezi, uwele, unga wa muhogo, dona, mchele usiokobolewa sana, ufuta, mbegu za maboga, unga wa viazi lishe, ubuyu, mlonge na mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa mikoani. Ubora wao mkubwa ni kwamba mwenye duka mara nyingi ndiye anayenunua mzigo mwenyewe, kwa hiyo maswali yanajibika. Katika duka ninalolitegemea, nilipouliza, "Kaka, huu ulezi umetoka wapi, na umevunwa lini?" nilitajiwa wilaya, nikaambiwa mwezi wa mavuno, na nikaruhusiwa kutia mkono ndani ya gunia ili nione kama kuna mchanga au wadudu. Katika duka jingine, lililopambwa vizuri zaidi na lenye bei ya juu zaidi, swali hilo hilo lilijibiwa kwa kuonyeshwa lebo, na lebo yenyewe haikuwa na tarehe ya kusagwa. Tangu hapo duka hilo la pili sikununua tena unga kwake, ingawa viungo vyake ni vizuri.

Katika unga ndipo ninapomwomba mnunuzi awe makini kuliko mahali pengine pote, kwa sababu hapa chakula kinaweza kuwa cha asili kabisa na bado kikawa cha hatari. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu; haionekani kwa macho, haiondoki kwa mapishi ya kawaida ya nyumbani, na hudhuru ini. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mahindi hayo yalikuwa ya mashamba yao wenyewe. Kwa hiyo swali la kama shamba lilipigwa dawa au halikupigwa ni moja, na swali la kama mahindi yalikaushwa vizuri ni jingine, na mwenye duka anatakiwa aweze kuyajibu yote mawili. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa dona. Dona ina pumba na kiini cha punje, ndiyo maana ina nyuzinyuzi na virutubishi zaidi na ndiyo maana sisi tunaipika kwa ajili ya mama. Lakini kukoboa ndiko kunakopunguza sehemu ya sumukuvu, kwa kuwa sehemu kubwa yake hukaa kwenye tabaka za nje na kwenye kiini. Anayechagua dona amechagua chakula bora, na papo hapo amejitwika wajibu wa kupata mahindi bora kuliko ya sembe. Njia tuliyoishia nayo ni kununua mahindi makavu yenyewe, kuyachambua kwa mkono na kuondoa punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye rangi ya ukungu, kisha kuyapeleka mashineni kiasi kidogo kidogo. Dona husagwa pamoja na kiini chenye mafuta, hivyo haivumilii kukaa muda mrefu, na unga wa dona wenye harufu kali au ladha ya uchungu usinunuliwe hata kama umepunguzwa bei.

Unga wa lishe wa watoto nao ni eneo ambalo maduka haya yanahitaji kujirekebisha. Vipo vifungashio vinavyotaja nafaka, mikunde na mbegu za kila namna vikiwa vimechanganywa pamoja, kana kwamba wingi wa viambato ndio lishe. Karanga zikisagwa humo unga huchacha mapema na hatari ya sumukuvu huongezeka. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa vya kutosha humsumbua mtoto katika kusaga chakula. Na mzazi hawezi kujua ni kipi kilichomletea mtoto wake mzio. Ushauri wangu ni kununua unga wa nafaka moja, ulezi au mahindi, kisha kuongeza nyumbani wakati wa kupika kile unachotaka: karanga ulizochambua na kuzisaga mwenyewe, maziwa, yai, dagaa waliosagwa au kiazi lishe kilichopondwa. Ni nafuu, na unajua kilichomo. Niongeze pia kwamba asali, hata iwe safi namna gani, haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na ningependa kuliona onyo hilo kwenye kuta za maduka yanayoiuza kama tiba ya kila kitu.

Kuna mambo mawili ambayo mpenzi wa vyakula asilia huweza kuyapoteza bila kujua. Viwanda vikubwa vya unga wa ngano na mahindi na vya mafuta ya kula huongeza vitamini na madini katika bidhaa zao kufuatana na kanuni zilizoanza kuwekwa mwaka 2011, wakati mashine ndogo nyingi hazifanyi hivyo. Mama mjamzito anayehamia kabisa kwenye unga wa mashine ya mtaani hana budi kuyapata madini ya chuma na asidi ya foliki kwa vyakula vingine na kwa vidonge anavyopewa kliniki. Pili ni chumvi. Chumvi za mawe zenye rangi ya waridi, zinazouzwa ghali katika maduka ya Masaki na Mikocheni, nyingi hazina madini joto, na kwa familia yenye watoto sioni faida yoyote ya kuiacha chumvi ya kawaida yenye madini hayo.

Kuhusu supamaketi nitasema machache. Zina majokofu ya uhakika, tarehe zinasomeka, risiti unapewa, na bidhaa nyingi zina alama ya TBS, shirika la viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula. Kwa maziwa, mtindi usio na sukari, nyama iliyopozwa na samaki waliogandishwa, ndiko ninakonunua. Rafu zao za vyakula asilia, hata hivyo, zimejaa bidhaa za kutoka nje kwa bei ambayo familia ya kawaida haiwezi kuibeba kila mwezi, na nyingine, kama biskuti na nafaka za kifungua kinywa zilizoandikwa kuwa za afya, zina sukari ya kutosha kumdhuru mgonjwa wetu. Nasoma orodha ya viambato: sukari ikiwa miongoni mwa vitatu vya kwanza, narudisha. Alama ya TBS yenyewe nayo inahitaji kueleweka: inathibitisha kwamba bidhaa imekidhi kiwango, haithibitishi kwamba imelimwa bila kemikali. Wajasiriamali wadogo wanaweza kuipata kwa msaada wa SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, kwa hiyo mtengenezaji wa siagi ya karanga aliyeko mjini kwa miaka mingi bila alama hiyo ana maelezo ya kutoa.

Mboga za majani ndizo zilizonisumbua kuliko kitu kingine, na ninaamini ndizo zinazostahili jitihada kubwa kwa sababu tunazila kila siku. Sehemu ya mchicha, matembele na chinese tunayoila hapa mjini hulimwa kwenye mabonde ya jiji, likiwemo bonde la Msimbazi, mto unaopokea majitaka ya majumbani na ya viwandani. Mkulima wa bondeni huenda hajatumia hata tone la dawa, akaweza kusema kweli kabisa kwamba mboga zake ni za asili, lakini madini mazito yakiingia kwenye jani kupitia maji na udongo hayatoki kwa kuosha. Kwa sababu hiyo swali langu kwa muuza mboga ni la maji kabla ya dawa: bustani iko wapi, na inamwagiliwa kwa maji gani? Mama anayetuuzia mboga mtaani kwetu alilizoea swali hili, na sasa ananiambia mwenyewe kabla sijauliza, "Haya ya leo ya Kisarawe, mama, chukua, yale ya jana sikukuwekea." Uaminifu wa namna hiyo haununuliwi katika duka lolote la oganiki, na mimi huulipa kwa kutompunguzia bei.

Nyanya ni habari nyingine. Mkulima wa nyanya anapambana na ukungu na mdudu anayeitwa kanitangaze, na wengi hupiga dawa mara kwa mara hadi karibu na siku ya kuvuna, bila kuzingatia siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa. Unga mweupe au wa rangi ya maji ya bahari unaouona kwenye ngozi ya nyanya sokoni mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu. Kuziosha kwa maji yanayotiririka na kuzisugua kunapunguza yaliyo juu, ila dawa zilizofyonzwa ndani ya tunda hazifikiwi na maji, chumvi wala siki. Nyanya, kabichi, chinese na pilipili hoho ndizo ninazozinunua kwa wauzaji wa kilimo hai hata zikiwa ghali. Kisamvu, majani ya maboga, mlenda na mchunga sizitafutii ithibati, kwa sababu ni mboga zinazojimudu shambani bila kupigwa dawa kila wiki. Nikishajua maji na ardhi yake, nazinunua kwa fungu la kawaida. Inasikitisha kuona mboga hizi, zenye lishe kuliko letusi, zinadharauliwa katika maduka ya afya na kupewa rafu ya chini wakati letusi imepozwa juu.

Wauzaji wa oda za kila wiki ndio waliobadilisha zaidi jikoni mwetu. Utaratibu wao unafanana: orodha ya mazao hutumwa kwa simu mapema wiki, unachagua, unalipa kwa simu, na mzigo unafika mwishoni mwa wiki. Mboga hutoka hasa kwenye miinuko ya Mgeta katika milima ya Uluguru na Lushoto mkoani Tanga, ambako karoti, njegere, brokoli, figiri na vitunguu majani hustawi kuliko joto la pwani linavyoruhusu. Mkoa wa Morogoro una bahati ya kuwa na SAT, asasi inayofundisha kilimo hai na kufanya kazi na vikundi vya wakulima, kwa hiyo muuzaji anayesema anachukua mzigo kwa vikundi hivyo anaweza kuulizwa ni kikundi gani. Anayependa kuona kwa macho yake anaweza kwenda, kwa kuwa tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024 Morogoro imekuwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kasoro za huduma hii zipo. Wakati wa masika mzigo huchelewa na mboga hufika zimelegea. Muuzaji mmoja alinibadilishia karoti kwa za sokoni bila kuniarifu, nami nikaacha kununua kwake kwa sababu biashara hii yote imesimama juu ya neno la muuzaji. Ada ya bodaboda nayo hupandisha gharama, na dawa yake ni majirani kuagiza pamoja, kama tunavyofanya sisi na nyumba za jirani.

Masoko yasiachwe nyuma kwa kudhani kwamba chakula cha afya ni cha madukani tu. Tandale ndiko kwa nafaka na maharage, na anayekwenda asubuhi na kununua kwa debe hulipa kidogo kwa kitu kile kile kinachofungwa kwenye pakiti nzuri huko Mikocheni. Mabibo ni kwa ndizi na matunda, Temeke Stereo kwa machungwa na matikiti, Kisutu kwa mboga safi na viungo katikati ya jiji, Feri kwa samaki ikiwa unafika mapema. Kwa matunda naona ulazima wa ithibati ni mdogo zaidi, hasa yale ya kumenya kama mananasi ya Kiwangwa, machungwa ya Muheza na mafenesi. Hapo nafuata msimu tu. Dagaa nawaangalia kwa vidole: waliokaushwa kwenye chanja hawana mchanga, waliokaushwa ardhini mchanga unausikia mara moja, na tofauti ya bei kati yao inastahili kulipwa, kwa maana ndio chanzo cha kalsiamu na protini kilicho nafuu kuliko nyama.

Mayai na kuku wa kienyeji ndiyo bidhaa ninayoiamini kidogo kuliko zote katika maduka ya asilia. Kuku chotara aliyefugwa bandani kwa chakula cha kiwandani huuzwa kwa jina na bei ya kuku wa kienyeji, na rangi ya kiini cha yai si ushahidi, kwa kuwa hutegemea alichokula. Ninanunua kwa mfugaji wa Chanika ambaye banda lake nimeliona, na asiye na mfugaji wa namna hiyo nadhani afadhali anunue mayai ya kawaida yaliyo mapya, aitumie tofauti ya bei kwenye nyanya. Mafuta ya alizeti nayo yachaguliwe kwa namna yanavyohifadhiwa: yaliyo katika chupa inayopitisha mwanga na kuachwa juani mbele ya duka huharibika mapema, hata kama mbegu zilikuwa bora kuliko zote za Singida.

Kwa familia inayoanza, ningeshauri mpangilio huu. Fedha ya ziada iende kwanza kwenye nyanya na mboga zinazopigwa dawa nyingi, kupitia muuzaji wa oda anayetaja shamba. Kisha kwenye mahindi na karanga zilizokauka vizuri, kutoka duka dogo linalokuruhusu kuangalia gunia. Maharage, mchele, matunda ya kumenya na mboga za kienyeji zibaki sokoni na kwa mama wa mtaani. Maziwa na nyama zitoke penye jokofu. Nenda na vyombo vyako au kikapu, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019 na mifuko mbadala wanayouza maduka haya huongeza gharama bila sababu. Duka likikuruhusu kununua robo kilo ili ujaribu, nunua robo. Ulezi wenye mchanga utaujua kwenye uji wa kwanza, na duka zuri litaupokea ukiurudisha.